Shujaa wa Matusi na Mbuzi wa Ntheo

Foleni ya sinema mjini Machakos ilikuwa imefika hadi kwa wauza maembe, na mlangoni askari alikagua vitambulisho, kwa sababu filamu ilikuwa ya watu wazima tu. Ndani yake shujaa aliruka mapaa, uso amefunika, akiwaporomoshea wezi matusi ya aibu. Filamu ilirekodiwa Kithimani kwa kamera ya kuazima, na mwanzoni watu wakaicheka. Sasa ni wiki ya tatu na viti havipatikani!

Mwelu, fundi wa nguo, alikuwa anapita tu na kitenge chake cha manjano. Moyo ulikuwa mzito. Miezi mitatu mchumba wake Onesmus alikuwa akipotea, eti kazi ya nyaya Konza, na juzi alimsikia akinong'ona kwa simu: "Shiru, Mwelu akijua nimeisha." Jumamosi Onesmus angepeleka mbuzi wa ntheo, wale wa posa, kwa kina Mwelu huko Mitaboni. Wakipokelewa, Mwelu ni mke wa mtu. Akampigia.

"Uko wapi, mwendwa?"

"Konza, mpenzi. Huku jua ni kali!"

Mwelu alimwona hatua kumi mbele, na shati alilomshonea yeye mwenyewe, kando yake mwanamke wa nywele nyekundu.

"Konza imehamia hapa lini?"

Onesmus aligeuka, simu nusura imponyoke. "Mwelu! Si vile unafikiria."

"Na huyu?"

"Ni Shiru."

"Aiii! Kumbe ndiye!"

"Dada, mimi ndiye nilitengeneza hii filamu," Shiru alisema. "Huyu wako ndiye shujaa."

"Shujaa gani? Huyu akiona panya anapanda kitanda!"

"Ni ukweli," Onesmus alisema kwa sauti ya chini. "Baba yako ni mzee wa kanisa. Nilidhani hakuna mtu ataiona. Sasa imeshika, ningemwambia nini?"

Mwelu hakuamini hata neno moja. Uongo wa Konza ulikuwa bado unamchoma.

"Basi tukana. Hapa hapa, kama kwa filamu."

Onesmus aliangalia foleni. Watu wa Mitaboni hawangekosa humo. Alimtazama Mwelu, ambaye machozi yalikuwa yakimlengalenga, akapanda kreti ya soda na kunguruma:

"Wezi wa matako makavu! Leo nawapiga mateke, kukaa mtasahau!"

"Ni yeye! Ni yeye mwenyewe!" Foleni ililipuka, simu zote zikainuliwa. Mwelu alicheka huku akilia. Haki ya Mungu, alimpenda huyu mwongo.

Hazikupita dakika kumi, baba yake Mwelu akapiga simu. Mwelu akaweka spika.

"Mwelu, nimetumiwa video. Huyo si Onesmus?"

Angeweza kukana. Alimshika Onesmus mkono.

"Ni yeye, baba. Na ni wangu. Jumamosi anakuja."



"Aje na mbuzi wake. Lakini maombi ya kufungua ataomba yeye, mbele ya wazee wote, nisikie huo mdomo."

Onesmus alikaa juu ya kreti, jasho likimtoka.

"Mwelu," alisema, "nifundishe kuomba."