Picha Kubwa ya Mama Nyaberi

Kila Jumamosi Chelimo aliamka mapema kwenda kuchuma chai na mama yake. Umande ulimlowesha hadi magotini. Majani yakishapimwa kituoni, alinawa, akavaa viatu na kushuka haraka hadi Litein. Huko, nyuma ya kanisa, kulikuwa na chumba chenye kompyuta mbili, printa na skana, mashine ya kuingiza picha za karatasi ndani ya kompyuta. Ilikuwa mwaka wa 1999, na wanafunzi wachache tu wa darasa la saba walikuwa wamewahi kugusa kompyuta. Mwalimu Rebeccah aliwafundisha kwa kujitolea.

Jumamosi moja Chelimo alimkuta rafiki yake Janefer mlangoni, macho yamemwiva kwa kulia. Mama yake Janefer, Nyaberi, alifariki Janefer akiwa bado hajajua kutembea. Alikuwa ameacha picha moja tu, ndogo kama kiberiti, inayomwonyesha amesimama katikati ya shamba la chai. Wiki iliyotangulia Mwalimu alikuwa ameipitisha kwenye skana ili ichapishwe kwa ajili ya ibada ya kumkumbuka.

"Jana mvua iliingia kwa paa," Janefer alisema. "Picha imelowa. Uso wote umebanduka."

"Usilie. Iko kwa kompyuta," Chelimo alimjibu. "Huko hakunyeshi."

Mwalimu Rebeccah alimketisha Chelimo mbele ya kompyuta. "Tunahitaji picha mbili: ndogo ya kadi za ibada, na kubwa ya kutundika. Anza na ndogo. Lakini kabla ya kuipunguza, tengeneza nakala, uipe jina lingine. Umesikia?"

"Nimesikia, Mwalimu."

Kusema kweli, alikuwa amesikia nusu. Aliona kazi hiyo ni rahisi. Aliifungua picha, akaipunguza, akaihifadhi kwa jina lile lile. Kadi ilitoka safi kabisa, na Janefer akapiga makofi.

Kisha Chelimo akaanza kuikuza. Uso wa Nyaberi uligeuka miraba miraba, kama ukuta wa matofali. Alijaribu kuivuta upande mmoja. Mashavu yakapanuka, mtu akawa si yule. Aliitafuta picha ya kwanza, lakini haikuwepo. Ile ndogo ilikuwa imekaa mahali pake.

Asubuhi hiyo stima ilikuwa imepotea mara mbili na kompyuta kuzimika. Akisema ni stima iliyoharibu picha, nani angebisha? Dirishani alimwona Mzee Ratemo, baba yake Janefer, akiwa amebeba fremu mpya ya mbao. Alikuwa akiipangusa kioo kwa mkono wa shati lake, polepole, huku akizungumza na Mwalimu.

Chelimo alitoka nje. "Mwalimu, nimeharibu picha ya Mama Janefer. Sikutengeneza nakala. Ulinieleza, mimi nikafanya haraka."

Mzee Ratemo aliacha kupangusa. Janefer alifunika uso kwa mikono.

"Disketi! Wiki iliyopita niliihifadhi pia kwenye disketi!" Mwalimu alisema ghafla, akakimbilia chumba cha pili.

Chelimo alimfuata. Humo Bethwel, karani wa kanisa, alikuwa akifuta disketi za zamani, vile visahani bapa vya kuhifadhia kazi za kompyuta, ili zitumike kwa mtihani wa Jumatatu. Alikuwa amefuta nane tayari.

"Bethwel, ngoja! Ile niliyoandika Nyaberi iko wapi?"

Bethwel alipekua rundo lililobaki. "Hii hapa. Ndiyo niliyotaka kuifuta sasa, kisha hizi mbili, halafu nimalize."

Chelimo alishusha pumzi. Mwalimu aliitia disketi kwenye kompyuta, na Nyaberi akatokea, mzima.

"Sasa tazama," Mwalimu alisema. "Picha hii imejengwa kwa nukta nyingi sana. Ukiipunguza, kompyuta inazitupa nyingi kati ya hizo. Ukiikuza tena, haiwezi kukumbuka zilizotupwa, inakisia tu. Kwa hivyo picha ya kwanza haiguswi. Kila ukubwa unaoutaka, utoe kwa nakala yake. Na ushike pembe, usivute upande mmoja."

Mara hii Chelimo alisikia yote. Alitengeneza nakala, akaipa jina jipya, akashika pembe. Printa ilianza kunguruma, ikitoa karatasi mstari kwa mstari: majani ya chai, kitambaa cha kichwa, macho, kisha tabasamu.

Janefer alisogea karibu. "Baba! Ana mwanya kama wangu! Kwa ile ndogo haukuonekana."

"Ndiyo," Mzee Ratemo alisema kwa sauti nyembamba. "Ni wake huo." Akamgeukia Chelimo. "Asante sana, mwanangu."

"Lakini Baba Janefer, ni mimi niliyeiharibu."

"Najua. Na ni wewe uliyekuja kutuambia. Nakushukuru kwa hilo."

Mwalimu Rebeccah alimwekea Chelimo mkono begani. "Kukosea, sote tunakosea. Lakini kama ungenyamaza hata robo saa, Bethwel angekuwa ameifuta disketi hiyo, na hakuna mashine hapa duniani ambayo ingeturudishia uso huu. Ukiharibu kitu, sema upesi, wakati bado kuna la kufanya."

Janefer hakusikia. Alikuwa amesimama mbele ya picha, akimchekea mama yake.