Taa ya Miche na Redio ya Bi Mwanabibi

Kila nilipotoka shule, kabla hata sijavua sare, nilikwenda pembeni mwa kabati kuitazama miche yangu ya nyanya. Ilikuwa kumi na miwili, ndani ya mikebe ya maziwa, na juu yake iliwaka taa ndefu ya tyubu. Uani kwetu Likoni mbuzi walitafuna kila kilichochipua, ndipo mjomba Matano, aliyefanya kazi bandarini, akanifungia taa ile kuukuu chumbani.

"Dhahabu, jua halifiki humu," alisema. "Basi tumia hili."

Mwaka huo, 1989, mwalimu wa kilimo aliahidi kuwa miche bora ya darasa la sita itapelekwa maonyeshoni. Mimi nilikwisha kujiona nimesimama mbele ya watu na cheti mkononi.

Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba sita, na kuta zake hazikufika paani. Chumba cha pili alikaa Bi Mwanabibi, mzee asiyeona. Redio ndiyo iliyomletea dunia mlangoni: habari, mawaidha, matangazo ya vifo. Lakini siku hizo redio ilikuwa ikinguruma krrrr hata maneno hayasikiki. Akaipeleka kwa fundi Lewa, mwenye kibanda sokoni. Kule kibandani ikasema vizuri. Iliporudi nyumbani, krrrr.

"Wallahi yule fundi meniibia!" Bi Mwanabibi alilalamika ukumbini. "Katoa vyuma vyangu vizima, katia vibovu!"

Maneno hayana miguu, lakini yale yalifika sokoni kabla ya magharibi. Baada ya siku mbili watu walikuwa wakienda kwa Lewa kuchukua redio zao.

Na mimi nilijua. Jumatatu ya wiki ile nilizima taa nifute vumbi, na upande wa pili sauti ya mtangazaji ikatoka safi. Nikawasha: krrrr. Nikazima tena: safi. Nikaitazama miche yangu, nikaiwasha taa, nikanyamaza. Usiku ule niliacha chakula sahanini. Mama aliponiuliza, nikamwambia nimeshiba, nikaongeza uongo juu ya kimya changu.

Jumamosi asubuhi Lewa alikuja mwenyewe na redio nyingine mkononi. Wapangaji wakajaa ukumbini.

"Shikamoo, Bi. Hii ni redio yangu mwenyewe. Isikilize." Akaiwasha: krrrr.

"Kumbe hata wewe umejiibia!" mpangaji mmoja akadakia, na watu wakaangua kicheko.

Lewa hakucheka. "Mke wangu akienda kuteka maji anaitwa mke wa mwizi," alisema. "Bi, mimi sijaiba." Machozi yakamlengalenga, akageuza uso. Sikuwa nimewahi kumwona mtu mzima katika hali ile, na aliyemfikisha hapo ni mimi.

"Ni taa yangu," nilisema. Hakuna aliyenisikia. Nikaingia chumbani nikaizima. Redio ya Lewa ikasema wazi, na watu wote wakageukia mlango wetu.

"Tangu lini wajua?" Mama aliuliza.

"Tangu Jumatatu." Nilitamani ardhi ipasuke nizame.

Lewa aliikagua taa ile, akakuta kifaa kidogo cha kuzuia mngurumo kimekatika. Mjomba hakujua. "Hii ni kazi ya dakika kumi," Lewa alisema bila kunitazama. "Ungeniambia Jumatatu, ningekibadilisha Jumatatu."

Maneno hayo yaliniuma kuliko kofi.

"Ndoo hapa, Dhahabu," Bi Mwanabibi aliniita nisogee karibu.

"Abee, Bi."

Alinishika mkono. "Mimi nilisema nisilolijua, nawe ukanyamazia ulilolijua. Tumemdhulumu mwenzetu sote wawili. Jina lake tumelichafua hadharani, hatutalisafisha chumbani. Nishike, twende."

Tulizunguka baraza baada ya baraza. Nilisimulia nikitazama vidole vya miguu, naye akinitikisa mkono: "Inua uso, wasikie!" Wengine walitucheka, wengine wakatikisa vichwa. Pale sokoni, mama mmoja aliyekuwa amechukua redio yake jana yake aliirudisha mezani kwa Lewa.

Nikaomba radhi mbele ya wote. Bi Mwanabibi akaomba pia, mzee wa miaka sabini, mbele ya wauza samaki.

"Sikia, mwanangu," aliniambia tukirudi. "Ukweli ukicheleweshwa, huumia asiye na kosa. Siku nyengine usingoje mtu alie ndipo useme."

"Inshallah, Bi," nilijibu, na safari hii nilikuwa nimeinua uso.