Goti la Kocha

Mikeka kumi na miwili ilikuwa imetandikwa, na mtu hakuna. Mwalimu wa pilates, mazoezi ya polepole ya kuimarisha tumbo na mgongo, alitazama saa, akatazama mlango, kisha simu ikalia. Mzazi mmoja alikuwa amemtumia ujumbe ambao Kocha wa riadha aliwaandikia wazazi wote wa wakimbiaji wake: "Leo tena hakuna mazoezi ya kujilaza. Vijana waje uwanjani."

Ya kujilaza! Hii ilikuwa Jumamosi ya tatu. Na Kocha huyo ndiye mchumba wake. Pete yake anayo kidoleni. Alibana mkeka mmoja kwapani, akatoka kwenda uwanjani.

Aliwakuta wakimbiaji wale wadogo wakikunja tumbo mbiombio, shingo zimekakamaa, pumzi wameibana. Miezi miwili mizima alikuwa akiwafundisha kinyume chake: polepole, kiuno kitulie, pumua. Kocha akaanza kujitetea kwamba mashindano yamekaribia na vijana wanahitaji kutoka jasho. Mwalimu akautandika mkeka miguuni pake.

—Lala chali. Kunja magoti, inua kiuno. Dakika moja tu.

—Mbele ya watoto?

—Mbele ya hao hao uliowaambia kazi yangu ni kujilaza.

Vijana wakahesabu kwa sauti. Kwenye tisa Kocha alikuwa anatetemeka. Kwenye kumi na mbili akaporomoka, uso umemkunjamana, na wawili watatu wakacheka. Mwalimu hakucheka. Alipitisha kiganja chini ya mgongo wake, akakuta misuli imekaza kama ubao. Akawatuma vijana wakazunguke uwanja.

—Tangu lini?

—Miezi mitano.

—Na mimi hukuniambia.

—Kocha mwenye mgongo mbovu nani atamsikiliza? Uliposema mwezi huu nifanye mazoezi pamoja nao, nikajua utanigundua siku ya kwanza.

—Kwa hiyo ukaona bora uniaibishe mimi.

Mwalimu alimtazama pale chini, na jambo likamjia ambalo lilimuudhi zaidi.

—Siku ile ya pete ulipiga goti, ukakaa hapo hapo mpaka watu wakachoka kupiga makofi. Nikalia mimi, nikidhani umezidiwa na mapenzi.

—Nilizidiwa kweli. Ila kuinuka nako nilishindwa.

Mwalimu hakutaka kucheka, akacheka, akakasirika kwa kucheka. Akaokota simu ya Kocha nyasini, akampa.

—Waandikie wazazi.

Kocha akaandika akiwa bado chali: "Jumamosi ijayo wote kwa mwalimu wa pilates. Niliwadanganya kuhusu kazi yake. Mkeka wa kumi na tatu ni wangu."

Mwalimu aliusoma mara mbili, akautuma mwenyewe, ndipo akamnyooshea mkono.