Niambie Ikitoka

Bosi aliniambia niipeleke darubini siku hiyohiyo, maana nyumba ya mwenyewe ilikuwa njiani kwangu na mwenyewe alikuwa ameshapiga simu asubuhi na mchana. Mimi ni fundi miwani. Nakata lenzi, nazisugua, nazipachika kwenye fremu. Mara mojamoja mtu huleta darubini iliyoota ukungu ndani, na bosi wangu si wa kumkatalia mtu kazi. Hii nilikuwa nimeifungua, nikasafisha vioo vyake, nikaifunga tena. Nikaipakata kama mtoto, nikatoka. Jua lilikuwa linazama.

Mume wangu alikuwa amefariki miezi michache kabla ya hapo. Alianguka kazini, hakuamka. Watu walikuja wakalia, wakala, wakaondoka. Mimi sikulia. Si kwamba nilijikaza, chozi halikuja tu. Nilikuwa kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi, akang'olewa jino, akakaa anasubiri maumivu... na maumivu yakakataa kuja. Nilikula nikiambiwa nile. Nilikwenda kazini kwa sababu miguu ilijua njia. Dada yake, wifi yangu, alihamia kwangu ili nisikae peke yangu. Yeye alilia kwa niaba yetu sote wawili.

Mwenye darubini walimwita Mama Pacha. Mtaani hawakumsema vizuri. Walisema anafuga vitu, na kwamba jioni fulani fulani sauti za nyumbani kwake huzidi idadi ya watu waliomo. Dukani mimi nilimjua kama mteja mpole niliyelazimika kumwambia kwamba hakuna miwani itakayomfaa. Macho yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, naye alikuwa akingojea zamu ya kupasuliwa.

Alikaa ghorofa ya juu kabisa. Mlango ulifunguliwa na binti yake, msichana wa sekondari mwenye mafua makali, pumzi zikimlia puani kama filimbi. Tulipopita chumbani kwake kuelekea ngazi za paa niliona vitanda viwili, vyote vimetandikwa, na mito yote miwili imebonyea katikati. Nikadhani wapo wengi.

Mama Pacha alikuwa juu ya paa la zege, pale wanapoanikia nguo. Aliniomba niisimamishe darubini na nimtafutie mwezi. Ulikuwa nusu, upande mmoja unawaka, upande mwingine giza. Karibu kabisa na ule upande wa giza palikuwa na nyota nyekundu. Akanieleza kwamba mwezi ungepita mbele ya nyota ile na kuifunika, na baada ya muda nyota ingechomoza upande wa pili, ule unaong'aa. Yeye alikuwa akitazama mwenyewe miaka yote. Sasa macho yamemkatalia, na hapo mtaani hakuna anayekubali kupanda ngazi zake.

"Niambie ikiingia," alisema. "Halafu usitoe jicho hapo. Niambie ikitoka. Papo hapo."

Nikamuuliza nikichelewa itakuwaje.

"Utaniulia mtoto."

Alilisema hilo kwa upole, kama mtu anayekukumbusha kufunga bomba. Binti yake alikuwa amekaa kwenye kigoda kando yangu, amejifunika shuka, anapenga kamasi. Sikubisha. Siku hizo sikuwa na nguvu ya kumbishia mtu yeyote. Nikainama, nikaweka jicho.

Nilitegemea nyota izame polepole, kama jua. Haikuzama. Ilikuwapo... kisha haikuwapo.

"Imeingia," nikasema.

Redio ya jirani ikanyamaza. Watoto waliokuwa wakipiga mpira chini wakanyamaza. Hata upepo kwenye kamba za nguo. Ikaja harufu, si mbaya, ile ya kabati lililofungwa miaka mingi. Halafu nikagundua kitu kingine kilichonyamaza.

Filimbi ya mafua.

Nilinyoosha mkono bila kutoa jicho. Nikaugusa mkono wa binti. Ulikuwa mzito na baridi, kama sahani. Nikaupeleka mkono wangu hadi puani pake.

Hakuna kitu.

Kisha nikasikia miguu mitupu inapanda ngazi kutoka chumbani. Myepesi. Ya mtu anayejua ngazi ipi imemomonyoka.

"Mama," sauti ikasema.

Ilikuwa sauti ya binti yule yule aliyekaa kando yangu. Ila haikuwa na mafua.

Wakazungumza kwa chini, nyuma ya mgongo wangu. Yalikuwa mazungumzo ya mama yeyote na mtoto yeyote. Mama alitaka kujua kama nywele bado anazisuka mwenyewe. Mtoto alitaka kujua kama mwenzake amefaulu mtihani. Wakacheka kidogo. Mimi nilitazama ukingo wa mwezi. Jicho lilichoka, likatoa maji, nikapepesa, nikatazama tena. Moyo wangu haukwenda mbio. Hilo ndilo lililonishangaza, kama kuna kitu kilichonishangaza.

Miguu ikasogea upande wangu.

"Anti," akanong'ona, karibu kabisa na sikio. Nilingoja joto la pumzi. Halikuja. "Kuna mtu nyuma yangu, kwenye ngazi. Anauliza kwa nini hukulia."

Nikakaza jicho kwenye ukingo wa mwezi.

"Si mzoefu wa njia, anakuja polepole. Usiseme ikitoka. Mngoje kidogo. Amebakiza ngazi chache tu."

Nikasikiliza. Kweli palikuwa na hatua nyingine, nzito, zinazoburuta kisigino cha kushoto. Hatua hizo nilikuwa nikizisikia kila jioni kwa miaka. Nilizijua kuliko nilivyoujua uso wake. Kidato kimoja... kimya... kidato kingine.

Katika ukingo unaong'aa ikatokea chembe ya moto.

"Imetoka," nikasema.

Ningependa kusema nilimhurumia binti wa watu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeambiwa niseme, nikasema.

Redio ikarudi katikati ya neno. Kando yangu binti akavuta pumzi ndefu ya kukwama, akapiga chafya. Akauliza kama amelala sana. Mama yake akamkumbatia, akamshika uso, akamnusa kichwani, akamtuma chini kuchemsha maji. Alipoondoka, Mama Pacha akabaki amegeuzia sikio lake kwenye ngazi.

"Walikuja wawili," akasema. "Nimesikia ametoka mmoja."

Hapo ndipo aliponieleza. Mapacha wake walizaliwa jioni ambayo mwezi ulikuwa umeifunika nyota ile. Wa kwanza alilia. Wa pili alikaa bila pumzi hadi mkunga aliyesimama dirishani aliposema, kwa mshangao tu, kwamba ile nyota imetoka. Wakakua wote. Wa pili akafa kwa homa kabla hawajamaliza shule ya msingi. Tangu hapo, mwezi ukiifunika nyota, wa pili huja, na huja kwa pumzi ya mwenzake. Lazima mtu aione nyota ikitoka na aseme. Kwa nini iwe hivyo, hakujua. Mara moja mawingu yalitanda, na binti akakaa bila pumzi hadi midomo ikawa ya bluu, kabla hayajaachia nyota ionekane. Hakuwahi kuita mtu kutoka kuzimu. Hakuwahi kumchinjia mtu kuku. Watu waseme wanavyotaka.

"Wangu ana pacha wa kumwazima pumzi," akasema. "Wako, ana nani?"

Nikaaga, nikaenda nyumbani.

Wifi yangu alifungua mlango, akachungulia nyuma yangu, akauliza nimekuja na nani, maana amesikia watu wawili wanapanda. Nikasema niko peke yangu. Akarudi jikoni kukata vitunguu. Nami nikamwangalia mgongo, na nikajua kaka yake ataazima kwa nani.

Ilianza jioni ya pili. Kisu kilisimama katikati ya kitunguu. Nikamwita wifi, hakuitika. Macho yalikuwa wazi. Kazini nimezoea kupulizia lenzi ili niione kama ni safi, basi nikatoa lenzi mfukoni, nikaiweka chini ya pua yake. Haikufanya ukungu. Chumbani kitanda kikalia, upande wa marehemu.

Nikaenda kuangalia. Alikuwa amekaa ukingoni, amenipa mgongo, mabega yameinama kama mtu anayevua viatu. Nikakaa upande wangu. Sikuogopa, na sikufurahi. Nikatazama ukuta hadi kitanda kilipokuwa chepesi na kisu kikaanza tena kugonga ubao.

Nilimwambia wifi yangu kila kitu. Nilidhani atakimbia. Yeye akauliza kama kaka yake anaonekana amekonda. Nikasema sijamwona uso.

"Mwache aje," akasema. "Ni kaka yangu. Hizo pumzi mimi nazipeleka wapi?"

Basi marehemu akawa anakuja kila machweo, na wifi alikuwa akijiandaa. Anazima jiko, anakaa kwenye kochi, anaweka mikono mapajani kama mtu anayepigwa picha. Mwanzoni ilikuwa muda wa chai kupoa. Kisha ikazidi. Kucha zake zikawa nyeusi chini. Akawa hawezi kumaliza ngazi bila kupumzika. Jioni moja aliporudiwa na pumzi alinitazama kwa muda bila kunijua, akaniita kwa jina ambalo mume wangu tu ndiye aliyeniita.

Nikarudi kwa Mama Pacha. Alikuwa ameshapasuliwa jicho moja, amelifunika. Nikamwomba aniambie nyota itafunikwa lini tena, nije nione ikitoka, niseme. Akasema mwezi una miaka yake ya kuipitia ile nyota, kisha huhama njia. Ile ilikuwa ya mwisho. Itakaporudi, binti yake atakuwa na watoto.

"Nawe umemkosa wako?" nikauliza.

"Nimemkosa," akasema. Alikuwa ameanza kulia kwa jicho lile lililofunikwa, bandeji inalowa. "Wewe muage wa kwako. Mwambie aende. Labda atasikia."

Nilimwambia. Jioni hiyohiyo nilikaa kitandani nikasema nenda. Hakutikisika. Kesho yake nikasema tena, na keshokutwa, na siku zilizofuata. Nenda. Nenda. Nililisema kama nilivyosema kila kitu tangu azikwe. Wifi, ambaye sasa hakuwa na nguvu hata ya kushika kikombe, aliniambia alikuwa ananisikia kutoka huko alikokuwa, mbali, kama mtu aliye chini ya maji.

"Maneno yako hayana mtu ndani, wifi," akasema.

Ilikuwa Jumapili. Alikaa kwenye kochi kabla jua halijazama. Giza likaingia, nikawasha taa. Chai ikapoa, ikaota utando. Majirani wakaanza kula, nikasikia vijiko. Wifi hakurudi. Nikapiga magoti mbele yake na lenzi. Safi. Nikangoja. Safi. Midomo yake ikaanza kubadilika rangi mbele ya macho yangu.

Nikaita kuelekea chumbani. Sikunong'ona.

"Nenda. Unaniulia mtu wangu. Nenda."

Kitanda kikalia.

Hatua zikaja. Kisigino cha kushoto kinaburuta. Zikapita korido, zikaingia sebuleni, zikasimama nyuma yangu. Harufu ya kabati. Sikugeuka. Nilikuwa nimeishikilia lenzi kwa mikono miwili chini ya pua ya wifi yangu, na nilikuwa nimebana pumzi ili nisiichafue.

Ukungu ukatokea.

Nikaanza kushukuru. Nikaisogeza karibu na taa nione vizuri, nikapitisha kidole upande wa wifi. Kikavu.

Ukungu ulikuwa upande wangu.

Ndipo wifi akakohoa, akavuta hewa kwa kelele kama mtu aliyetolewa kisimani, akaning'ang'ania mabegani. Akapumua. Akaendelea kupumua usiku kucha. Asubuhi kucha zake zilikuwa zimeanza kurudi rangi, akanywa uji, akaomba mwingine.

Sasa amepona kabisa. Amepata kazi, lakini hajahama. Anasema hawezi kuniacha. Kila jioni hurudi mapema kabla ya jua kuzama, hunikalisha kwenye kochi, hunifunika shuka hadi kiunoni. Baridi huanzia vidoleni, hupanda magotini, pumzi hunitoka, na sioni tena kitu hadi nikute chakula mezani na yeye ameshika mkono wangu, macho yamemvimba.

Nimemuuliza anamwona wapi kaka yake, chumbani au hapa. Hunisogezea sahani.

Jana nilimuuliza kama kaka yake bado anakuja peke yake. Akainuka, akaenda kufunga madirisha.