Doa Shavuni pa Dubow

Kila asubuhi Hamdia alikamua ng'ombe wake wawili, akauza maziwa soko la Garsen, kisha akaenda kumtazama mwanawe.

Dubow mwenyewe hayuko Garsen, jamani. Yuko Jeda, mwaka wa nne sasa. Iliyoko Garsen ni picha yake, ndani ya laptopu, ile kompyuta inayokunjwa kama kitabu. Aliinunua kwa mshahara wa miezi mitano, akampa Abdinur, mfanyabiashara wa mifugo aendaye Jeda kuuza mbuzi, amletee mama. Nyumbani kwa Hamdia hakuna umeme, basi kompyuta ikakaa ofisi ya misaada, kwa karani Darmi, penye jenereta.

Picha ilionekana vizuri mno, hata vifungo vya shati ungevihesabu. Hamdia aliitazama akatamani kumlisha.

Siku ya tatu akaona doa. Jeusi, dogo, chini ya jicho la kushoto la Dubow.

Sasa mfugaji akiona kitu cheusi kimeng'ang'ania ngozi, atafikiri nini? Kupe. Darmi alipotoka kupokea lori la mahindi, Hamdia aliweka ukucha wa kidole gumba pale pale, akabinya, akavuta. Doa halikutoka. Ila kioo kilibonyea, na mstari wa kijani ukabaki kando yake.

Kama si kupe, basi ni ugonjwa. Marehemu baba yake Dubow alianza na kidonda cheusi shavuni, na mwaka haukuisha.

Darmi alirudi akamkuta analia. Hamdia akamweleza yote, hata la ukucha. Darmi hakucheka. Aliketi, akaisogeza picha upande wa kulia wa kioo.

"Mama, tazama doa, usimtazame Dubow."

Hamdia akatazama. Dubow alisogea. Doa lilibaki palepale, sasa likiwa ukutani nyuma yake. Shavu lilikuwa safi, na lile kovu alilolipata kwa pembe ya ndama akiwa mdogo lilionekana.

"Kwa hiyo haumwi?" Hamdia aliuliza.

"Haumwi. Kinachoumwa ni kioo. Kimejaa nukta ndogo ndogo, maelfu kwa maelfu, na kila moja inatoa rangi yake. Hapa chache zimekufa. Zilitoka hivyo kiwandani."

Hamdia alishusha pumzi, akasema alhamdulillahi mara tatu. Kisha akauliza kama duka litabadilisha kioo. Darmi hakumficha. Duka huandika masharti yake kwenye karatasi ya dhamana. Maduka mengine hubadilisha kioo chenye nukta nyingi zilizokufa, mengine hukataa zikiwa chache. Lakini ule mstari wa kijani umeletwa na ukucha, na hilo dhamana hailibebi. Kioo hakibinywi, hakikwaruzwi, hakimwagiwi maji. Kikichafuka, unazima kompyuta na kukipangusa polepole kwa kitambaa kikavu, laini.

Hamdia alikuwa mwanafunzi wa ngumbaru, kisomo cha watu wazima, mwaka wa pili. Jioni ile aliandika barua kwa mkono wake mwenyewe, herufi kubwa kubwa: *Mwanangu, doa si lako, ni la kioo. Nimeelewa. Lakini shavu lako nataka kulishika.*

Abdinur ndiye aliyeipeleka. Naye alikuwa anamnunulia binti yake laptopu, na Darmi alikuwa amemfunza. Huko Jeda alimwambia mwenye duka aiwashe kwanza, kioo kiwe cheupe chote, kisha cheusi chote. Ya kwanza ilikuwa na nukta tatu zilizokufa, akaikataa. Ya pili ilikuwa safi. Hapo ndipo alipolipa, akadai risiti na karatasi ya dhamana.

Alirudi Garsen na laptopu ile, na hakurudi peke yake.

Hamdia alikuwa anakamua. Aliposikia salamu aliweka kibuyu chini, akafuta mikono kwenye kanga. Dubow aliinama. Mama akapeleka kidole gumba chini ya jicho lake la kushoto, akapapasa mpaka kwenye kovu. Safari hii hakubinya.