Darasa la Kisimani

Usiache, Emilia. Umeniuliza, na jibu langu ni hilo. Sasa weka hilo begi chini nikuambie kwa nini. Unasema masomo ya ualimu yamekubana, mazoezi ya kufundisha ndiyo kabisa, watoto hawaji darasani, mkaguzi anakuja Alhamisi, unajiona kama mfungwa. Mjukuu wangu, kifungo cha ualimu alikijua baba yangu, Filipo. Mimi shule niliishia darasa la pili, lakini habari hii nimeisikia kwake na kwa mama yangu, Loisi, kila mmoja akimkatiza mwenzake, mpaka najua hata waliyokuwa wanayawaza moyoni.

Ilikuwa enzi ya Mjerumani, reli imefika Dodoma juzijuzi tu. Siku ya treni, stesheni ilikuwa kama mnada: Wahindi wa maduka, wapagazi, askari na bunduki zao, mbuzi, moshi. Filipo alikuwa mwanafunzi wa ualimu kwenye shule moja ya misheni, ametumwa kupokea sanduku. Kanzu nyeupe, miguu peku, kichwa kimenyolewa kinang'aa. Akageuka na sanduku lake, akamgonga msichana aliyejifunga kaniki, shanga nyekundu shingoni, bangili za shaba mpaka karibu na kiwiko. Kibuyu cha maziwa nusura kianguke.

"We kichwa cha yai! Huoni?"

"Nisamehe dada. Sanduku zito."

"Lina nini, mawe?"

"Vitabu."

"Afadhali mawe, tungejengea." Halafu akacheka. "Haya, nibebee na kibuyu mpaka njia panda. Tuone kama mwalimu ana shingo."

Akabeba. Sanduku begani, kibuyu kichwani, stesheni nzima inamcheka, na yeye anatembea kama bwana harusi. Huyo msichana ndiye Loisi, binti wa Mzee Matonya, mwenye ng'ombe.

Ninyi mna simu. Wao simu yao ilikuwa ua wa shule. Shule ile ilizungushiwa miiba pande zote, wakaambiwa ni kwa ajili ya fisi. Baba alikuwa anasema, fisi hatukumwona hata mmoja, ila sisi wenyewe hatukutoka. Miaka mitatu! Kutoka ni kwa ruhusa. Kuoa, marufuku mpaka upate cheti. Na cheti hupewi mpaka ufundishe watoto wa kijijini miezi minne, mkaguzi aje akute watoto wasiopungua ishirini darasani. Akikuta pungufu, unarudi ndani mwaka mzima.

Kwa hiyo jioni Loisi akienda kuokota kuni, anapitia uani.

"Asali yangu, sogea nikuone," Filipo anamwita.

"Nisogee nitobolewe macho? Nione hivyo hivyo, vipande vipande."

"Leo nimeona sikio na bangili moja."

"Basi umeshiba. Sikiliza, Filipo. Kuna mtu wa Bahi ameleta maneno ya posa nyumbani. Zizi lake limejaa. Baba anasema atakungoja wewe upate cheti. Usipokipata safari hii, mimi naenda Bahi."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema fundisha!"

Akafundisha. Mwezi wa kwanza watoto thelathini. Halafu kiangazi kikakaza, wakabaki kumi na wawili, mara wakabaki sita. Wengine wanakuja jua la utosini, wamechoka, miguu ina tope. Usiku Filipo halali, anahesabu vichwa. Msimamizi wa shule, naye mtu mkali, akampa fimbo. "Mwalimu asiyechapa si mwalimu. Wachelewaji wote, chapa." Filipo akachapa. Na kwenye foleni ya wachelewaji walikuwamo wadogo zake Loisi wawili. Hao nao kawachapa. Niwe mkweli, ingawa ni baba yangu.

Siku tatu Loisi hakupita uani. Ya nne akaja, akasimama mbali.

"Umewapiga wadogo zangu."

"Niliamriwa, mpenzi. Wanakuja darasa limeisha."

"Walikuwa wapi?"

"Sijui. Wanacheza."

"Hujui!" Bangili zikalia. "Mtoto wa Mgogo, hujui kiangazi hiki ng'ombe wanakunywa saa ngapi? Kisima kimekwenda chini kina cha watu saba. Watoto wanasimama mle ndani tangu alfajiri, wanapokezana maji. Wewe unapiga kengele saa ile ile ng'ombe wanalia kiu. Mapaja yako yamesahau kusimama kisimani? Ua umekuingia kichwani, Filipo. Usiniite tena hapa."

Akaenda zake. Baba alikaa pale chini mpaka miiba ikawa haionekani. Yeye mwenyewe kakulia kwenye visima hivyo! Miaka miwili ndani ya ua imemsahaulisha. Ndiyo maana nakuambia, Emilia, ukikuta darasa tupu usianze na kukasirika. Waliofundishwa wanakuwa na haraka ya kujibu. Uliza kwanza watoto wako wapi.

Asubuhi akaomba ruhusa akafundishie kisimani. Msimamizi akasema, "Darasa ni chumba. Ukitoka nje ya ua, nitaandika kwa mkaguzi." Baba akasema, "Andika." Akabeba ubao kichwani, akatoka.

Korongoni, kilipo kisima, akamkuta Mzee Matonya ameegemea fimbo yake.

"Mbukwenyi, mzee," akamsalimu kwa Kigogo.

"Mbukwa. Umekuja kuwachapia huku huku?"

"Nimekuja kuchota."

Akavua kanzu, akashuka kisimani mpaka chini kabisa, kwenye maji. Ndoo ya kwanza ikapanda, akapaza sauti: "Ba!" Mtoto wa juu yake anapokea, "Ba!" Na wa juu yake. Ndoo ya pili, "Be!" Wakimaliza zamu, wanaandika kwa vidole kwenye mchanga mbichi. Siku ya kwanza watoto kumi na tano. Siku ya tatu ishirini na watano, maana hata wa zamu nyingine wamekuja kuimba. Wale wawili aliowachapa akawaomba radhi mbele ya wenzao. Loisi yuko kwenye hori ananywesha ng'ombe, mgongo ameupa kisima. Siku ya saba baba mkono umechoka, akasema "Ba, be, bi, bu!"

"Umeruka bo, mwalimu!" Loisi akapiga kelele bila kugeuka.

"Nani huyo anajua bo?"

"Anayesikiliza wiki nzima wakati wewe unanuka tope!"

Ng'ombe walibaki kusubiri siku ile, watu wanacheka. Na yeye akageuka.

Mkaguzi, mzungu mwenye miwani, alikuja akakuta chumba kitupu. Wakamleta korongoni, viatu vinazama. Akawapanga watoto, akawasomesha mchangani mmoja mmoja. Wakasoma. Akaandika muda mrefu. Halafu akasema kwa Kiswahili chake cha kukwama kwama: "Kufundisha, vizuri sana. Sheria, umevunja. Cheti hapana. Rudi ndani mwaka mmoja."

Loisi akaweka mkono mdomoni. Baba akamgeukia Mzee Matonya, tope mpaka shingoni, hana hata kanzu ya kujisitiri aibu.

"Mzee, umesikia. Cheti sina."

Mzee Matonya akatema mate pembeni. "Mimi hiyo karatasi nisingejua hata kuisoma. Niliitaka kwa sababu sikujua kama wewe ni mwalimu kweli. Sasa nimekaa hapa nimeona kwa macho. Mwaka mmoja? Loisi, unaweza?"

"Niko njia ya kuni kila jioni, baba."

"Basi yule wa Bahi nitamtumia mtu. Na wewe, mkwe, ua ule utaurudia kesho. Leo umechota maji ya ng'ombe wangu na tumbo lako tupu."

Wakapanda nyumbani wote, watoto wanaimba mbele. Mama yake Loisi akatoa ugali wa uwele na mlenda, na maziwa. Wakamkaribisha hata mkaguzi, wakampa kigoda. Akasitasita, akavua viatu vyake vilivyolowa, akanawa. Loisi akamletea Filipo maji ya kunawa, safari hii bila miiba katikati, na vidole vikagusana kidogo kwenye kibuyu. Halafu kila mtu akakaa, wakala.