Aliyetafuta Njia ya Kushuka

Laini ya umeme mkubwa huimba. Hilo hata mtoto anayeishi karibu nayo analijua: vuuuu, kutwa kucha, kama nzi aliyefungiwa chupani. Lakini asubuhi ile, kwenye uwanja wa mafunzo, laini iliimba, ikanyamaza, ikavuta pumzi, halafu ikaendelea. Ndiyo, ikavuta pumzi. Mwenye ubishi akae nao, hautamsaidia akiwa juu ya nguzo.

Aliyesikia alikuwa mwanafunzi mmoja mwanamke, waliyemwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Siku hiyo alikuwa na mtihani: kubadilisha kikombe cha kaure kilichopasuka, kile kinachoutenga waya na nguzo, huku umeme ukipita. Alivaa suti ya nyuzi za chuma toka utosini hadi nyayoni, akasimama ndani ya kapu la gari la ngazi, akapandishwa juu kuliko mapaa yote ya jirani.

Kazi hiyo ina kanuni isiyo na mjomba. Ukishika waya wenye moto peke yake, wewe ni ndege tu, haukufanyi kitu. Ukishika waya na nguzo kwa pamoja, umekuwa daraja, na daraja la namna hiyo huzikwa kwenye sanduku dogo. Kwa kuwa aliye juu haoni kila upande, chini husimama mlinzi. Mlinzi hashiki chombo, hagusi kazi, huangalia tu na kutoa amri. Mlinzi wa Chiriku alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, fundi wa siku nyingi na bingwa wa utani.

"Shemeji, ukianguka usiniangukie mimi, bado sijaoa!"

"Nani akubali kuolewa nawe, na hicho kichwa kama balbu iliyoungua?"

Wakacheka. Chiriku akaushika waya. Laini ikavuta pumzi tena, safari hii sikioni mwake, na ikaja harufu ya marashi, tamu na nzito, kama nguo za harusi zilizofungiwa kwenye sanduku la marehemu.

"Shemeji," sauti ya shemeji yake ikasema, "kapu linayumba. Shika nguzo."

Amri ya mlinzi haijadiliwi. Mkono wa kulia ukabaki kwenye waya, wa kushoto ukaanza kwenda, na sauti ikawa inauhimiza, upesi shemeji, shika shemeji, na mkono ukaenda, ukaenda, ukabakiza upana wa kiganja tu, ndipo jicho lake likateleza chini akamwona shemeji yake ameinua chupa anakunywa maji, koo likipanda na kushuka, ilhali sauti yake huku juu inasema shika, shika, shika.

Chiriku akaganda. "We nani?" akanong'ona.

"Mwenye hapa." Sasa ilikuwa sauti ya nyuki wengi. "Mlichimbia nguzo kwangu, nikakimbilia juu. Kushuka siwezi. Nipe mkono mmoja tu."

Yowe alilopiga liliwatoa watu vyooni, na kutoka hukohuko juu akawapigia kelele yote aliyoambiwa. Mkufunzi akaamuru umeme ukatwe, ukakatwa. Laini ikaendelea kuimba. Hapo hata wale wasioamini majini wakaanza kukumbuka dua za utotoni.

Mkufunzi alikuwa mjukuu wa mganga. "Linataka kushuka," akasema kwa sauti ya chini. "Tulipe njia isiyo mtu. Leteni waya wa ardhi. Na ole wake atakayeugusa!"

Ncha moja ikabanwa kwenye nondo iliyozamishwa ardhini. Nyingine Chiriku akaibana kwenye laini kwa fimbo ndefu. Papo hapo ule waya ukaanza kujinyonganyonga kama nyoka aliyemeza panya hai. Juu, kapu likawa linasukumwa kuelekea nguzo. Chini, kibano kwenye nondo kikalegea, kikaanza kuchomoka.

Mlinzi hagusi kazi. Lakini mlinzi huyu alimwona mke wa kaka yake anapepesuka huko juu, akatupa chupa, akakimbia, akakigandamiza kibano kwa kiganja kitupu.

Wimbo ukakatika.

Chiriku aliposhushwa alimrukia shingoni. "Umeniokoa, shemeji!"

"Umeme si umekatwa? Ningeogopa nini?" Kiganja hakikuwa na hata alama.

Watu wakashangilia, wakaletewa chai. Chiriku akavua suti, akakaa naye kwenye benchi. Ndipo akaona vinyweleo vya mkono wake vinasimama, vyote vimeinama upande wa shemeji, kama vifanyavyo mtu akikaribia waya wenye moto.

"Mbona kimya leo?" akamuuliza polepole.

Shemeji alikuwa amevua viatu, anakanyagakanyaga udongo.

"Nilikuwa nimesahau ardhi ilivyo baridi," akanong'ona. Pumzi yake ilinukia marashi. Akasimama, akamnyooshea mkono. "Twende nyumbani, shemeji. Ila tangulia wewe. Mimi njia siijui."